Chanda Chema Huvikwa Pete: Ni Nani Amvikaye Daktari Wetu wa Kike?

Mwezi uliopita nilimsindikiza jamaa yangu kliniki ya wajawazito katika hospitali moja hapa Mombasa. Tukiwa kwenye foleni akaingia bwana mmoja amevaa kanzu, mkewe nyuma yake, mimba imeshakuwa kubwa. Swali lake la kwanza kwa muuguzi lilikuwa hili: "Dada, yuko daktari bingwa wa kike leo?" Muuguzi akamjibu kwa upole kwamba madaktari wa kike wapo, lakini bingwa wa zamu siku hiyo ni mwanamume. Bwana yule alishusha pumzi, akamtazama mkewe, kisha wakaenda kukaa kando wakashauriane.

Sikuwalaumu. Wanazuoni wetu wanaruhusu mwanamume kumtibu mwanamke panapokuwa na haja, lakini wanasema akipatikana mwanamke mwenye ujuzi huo, basi yeye ndiye atangulizwe. Mimi mwenyewe nilipokuwa nikizaa niliuliza swali lile lile.

Lakini njiani kurudi nyumbani kuna jambo lililonisumbua. Sote twamtaka bingwa wa kike. Je, twataka atoke wapi? Bingwa hufunzwa na bingwa mwingine. Anayefundisha wodini, anayesimamia tasnifu, anayeamua nani apate nafasi ya kusomea ubingwa mwaka huu, wote hao ni wahadhiri na maprofesa wa udaktari. Wanawake wakiwa wachache katika ngazi hiyo ya juu, mabinti zetu walio chini hukosa wa kuwashika mkono, na wewe na mimi tutaendelea kuuliza swali la yule bwana bila kupata jibu.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Nina diploma yangu na kalamu yangu hii. Lakini binti wa kaka yangu ni daktari, na baadhi ya ninayoyaandika leo nimeyaona kupitia kwake. Mengine nimeyasoma.

Miaka inayogongana

Tuanze na safari yenyewe, maana wengi wetu twaona koti jeupe tu hatujui lilikopitia.

Hapa Kenya anayesomea udaktari chuo kikuu hukaa miaka sita, nusu darasani nusu wodini. Akimaliza hutumikia mwaka mmoja kama daktari mwanagenzi chini ya uangalizi wa wakubwa, ndipo Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, limsajili kamili. Hapo bado ni daktari wa kawaida. Akitaka kuwa bingwa wa uzazi, wa watoto au wa upasuaji, hurudi kusoma kwa miaka minne au mitano hivi, kulingana na fani.

Fanya hesabu, ndugu msomaji. Msichana aliyemaliza kidato cha nne na miaka 18 atasajiliwa akiwa na 25 au 26, mambo yakienda sawa. Akifanya kazi miaka mitatu minne kabla ya kupata nafasi ya ubingwa, atahitimu akikaribia 35. Hiyo ndiyo miaka ya kuolewa, kuzaa na kunyonyesha. Mwenzake wa kiume naye huoa na kupata watoto katika miaka hiyo hiyo, ila mimba haimtoi kwenye zamu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, na baba wiki mbili. Miezi mitatu ni michache kwa mtoto mchanga. Lakini mama akirudi kazini huambiwa kwamba wenzake "wametangulia".

Kwa binti wa Pwani kuna mzigo wa ziada, nao ni umbali. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari mwaka 1967, na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kikafuata miaka mingi baadaye. Kwa muda mrefu mtoto wa Lamu, Kwale au Kilifi aliyetaka fani hiyo ilimbidi apande basi aende bara, mbali na mamake, mbali na mtu yeyote anayejua ukoo wake. Wazazi wengine walikataa hapo hapo. Waliokubali, mabinti zao walifika huko hawajui hata mtu mmoja wa kuuliza, "Dada, hapa mambo huendaje?"

Ngazi ya chuo na vidaraja vyake

Sasa chukulia huyu binti amefika, amekuwa bingwa, na anataka kufundisha chuoni. Huanza kama mhadhiri msaidizi au mhadhiri, halafu mhadhiri mwandamizi, halafu profesa mshiriki, mwisho profesa kamili. Kati ya daraja na daraja kuna mahojiano na masharti. Masharti yenyewe, ukiyafupisha, ni manne: umechapisha makala mangapi ya utafiti katika majarida yanayotambulika, umesimamia wanafunzi wangapi wa uzamili na uzamifu, umeleta fedha gani za utafiti, na umeitumikiaje idara yako.

Katika makala ya udaktari, mpangilio wa majina una maana yake. Jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyeifanya kazi hasa. Jina la mwisho ni la mkubwa aliyeisimamia. Majina ya katikati ni ya waliosaidia. Wanaokaa kwenye jopo la kupandisha watu vyeo huangalia jina lako limekaa wapi. Mtu asiyeambiwa hili mapema anaweza kufanya kazi miaka mitano, jina lake likawa la katikati daima, na asijue kwa nini hapandi.

Binti wa kaka yangu alijifunza hili kwa uchungu. Hospitali aliyokuwa akifanya kazi siitaji, wala wakubwa wake. Alitumia miezi minane akipekua faili za akina mama waliojifungua, usiku baada ya zamu, mtoto wake akiwa kwangu. Makala yalipotoka, jina lake halikuwa la kwanza wala la katikati. Liliwekwa kwenye mstari wa shukrani, pamoja na dereva na mtu wa kompyuta. Alipouliza, akaambiwa, "Ulipaswa kusema mwanzoni." Mwanzoni hakujua kwamba kulikuwa na la kusema. Hakukuwa na wa kumwambia.

Kuna na mtego mwingine. Idara yoyote ina kazi zake za ndani: kupanga ratiba ya mitihani, kuandika kumbukumbu za mikutano, kumfariji mwanafunzi aliyefiwa, kuandaa hafla ya kumuaga anayestaafu. Kazi hizi lazima zifanywe, na mara nyingi sana hupewa wanawake, kwa kuwa "nyinyi mwajua kupanga". Siku ya mahojiano ya cheo hazihesabiwi, au huhesabiwa kidogo mno. Mwenzake aliyekataa kuandika kumbukumbu alikuwa ofisini akiandika makala.

Tatizo hili si la kwetu pekee

Msomaji mmoja aweza kusema haya ni mambo ya Afrika, au ya Waislamu, au ya Pwani. La. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wanawake ni kama asilimia 70 ya wafanyakazi wote wa afya na huduma za jamii duniani, lakini wanashika kama asilimia 25 tu ya nafasi za juu za uongozi. Yaani wanaotoa huduma ni wao, wanaoamua ni wengine.

Twende Marekani, nchi yenye vyuo vya udaktari vingi na fedha nyingi. Mwaka huo huo wa 2019, kwa mara ya kwanza, wanawake walizidi nusu ya wanafunzi wote wa udaktari huko. Lakini takwimu za jumuiya ya vyuo hivyo, AAMC, za mwaka wa 2018 na 2019 zilionyesha kwamba wanawake walikuwa asilimia 41 ya wahadhiri wa kudumu, asilimia 25 ya maprofesa kamili, na asilimia 18 tu ya wakuu wa vyuo vya udaktari. Kadiri unavyopanda ndivyo wanavyopungua. Wenye kusema "subirini, wakiingia wengi chini watafika juu wenyewe" wamekuwa wakisema hivyo kwa miaka mingi.

Kuhusu malezi ya kitaaluma, mwaka 2006 jarida la JAMA lilichapisha uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi za awali. Uligundua kwamba wanafunzi wa udaktari wenye mlezi wa kuwaongoza walikuwa chini ya nusu, na katika baadhi ya fani wahadhiri wenye mlezi hawakufika mmoja kati ya watano. Wanawake walieleza kwamba kwao ilikuwa vigumu zaidi kumpata. Na waliokuwa naye, tafiti hizo zilionyesha kwamba malezi yale yaliwasaidia katika kuchagua njia ya kazi na katika utafiti.

Somo, mwalimu na mpiga debe

Sisi Waswahili jambo hili tulikuwa nalo kabla ya vyuo vikuu. Msichana alipovunja ungo alipewa somo, mwanamke mtu mzima asiye mamake, amfunze yale ambayo mama angeona haya kuyatamka. Bibi harusi naye huwa na somo wake. Somo humwambia mwari ukweli wa nyumba anayoiingia: nani wa kumheshimu, nani wa kumwepuka, neno gani hulisemi mbele ya wakweo. Na akishakuwa somo wako ni somo wako maisha.

Daktari kijana anayeingia chuo kikuu anaingia nyumba ya watu. Anahitaji somo. Lakini kwa nilivyoelewa mimi, somo peke yake hatoshi. Anahitaji watu wa aina tatu, na mara chache huwapata wote ndani ya mtu mmoja.

Wa kwanza ndiye huyo somo. Huyu ni wa kuambiwa siri. Ndiye umwambiaye kwamba una mimba kabla hujamwambia mkuu wa idara, naye akueleze alifanyaje yeye. Hana lazima awe wa fani yako, wala awe mkubwa sana.

Wa pili ni mwalimu wa kazi. Huyu hukufundisha namna ya kuandika ombi la fedha za utafiti, husoma rasimu yako akairudisha imejaa wino mwekundu, hukusimamia mkono wako katika chumba cha upasuaji. Huyu lazima awe wa fani yako, na lazima awe mkali kidogo.

Wa tatu ni mpiga debe. Huyu ndiye wanawake wengi humkosa. Mpiga debe ni mkubwa anayelitaja jina lako katika chumba ambacho wewe humo. Nafasi ya kuongoza utafiti imetokea, wakubwa sita wamekaa, mmoja wao anasema, "Mpeni daktari fulani, mimi nitamdhamini." Hapo amekuvika heshima yake mwenyewe. Ukiharibu, na yeye ameharibika.

Mwaka 2010 Herminia Ibarra na wenzake wawili waliandika katika jarida la Harvard Business Review kwamba wanawake makazini hawakosi washauri. Washauri wanao, tena wengi. Wanachokosa ni hawa wa kuwapigia debe, na ndiyo maana wenzao wa kiume huwapita vyeo. Waliandika kuhusu makampuni, lakini ukimsikiliza mwanamke yeyote aliyefundisha udaktari, utaona ni hadithi ile ile.

Katika vyuo vyetu vya dini hili twalielewa vizuri. Mwanafunzi hajipandishi mwenyewe akaanza kudarsisha. Sheikh wake humpa ijaza, akamkalisha mbele ya watu, akasema huyu nimemsomesha mimi, msikilizeni. Ijaza si nasaha. Ni mtu mkubwa kuweka jina lake juu ya jina la mdogo.

Wazee wetu walisema chanda chema huvikwa pete. Methali hii mabinti zetu twawafunza wangali wadogo: jitahidi, uwe mwema, utaonekana. Lakini isikilize vizuri. Huvikwa. Chanda hakijivishi. Yuko mtu aliyeitafuta pete, akaushika mkono, akaivisha. Tumekaa miaka tukiwahimiza mabinti wawe vyanda vyema, na wamekuwa. Swali ni nani ameishika pete, na kwa nini macho yake huangalia upande mmoja.

Waliotangulia

Nisije nikakukatisha tamaa, msomaji. Wapo waliofika.

Profesa Miriam Were alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kwenda kusomea udaktari Nairobi. Alikuja kufundisha na kuongoza idara ya afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na kazi yake ya kuwatumia wahudumu wa afya vijijini ikajulikana duniani. Mwaka 2008 alipokea Tuzo ya Hideyo Noguchi ya Japani ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Njia yake haikunyooka, na hilo ni somo kwa binti anayedhani amechelewa.

Jirani zetu wa Tanzania wana Profesa Esther Mwaikambo, bingwa wa watoto, miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa wa nchi hiyo kuwa madaktari. Hakutosheka na kufika peke yake. Mwaka 1987 alikuwa mstari wa mbele kuanzishwa kwa chama cha madaktari wanawake, MEWATA, ambacho baadaye kilizunguka mikoani kuwapima wanawake saratani ya matiti. Kenya nayo ina chama chake cha madaktari wanawake. Chama kama hicho ni mahali ambapo mwanagenzi wa miaka 25 aweza kukaa meza moja na profesa bila kuomba miadi.

Na hapa hapa kwetu, Profesa Faith Osier. Baada ya kusoma Nairobi alifanya mwaka wake wa uanagenzi katika hospitali kuu ya Mombasa, kisha akaingia kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kule Kilifi, kilichoanzishwa mwaka 1989. Humo ndimo alimokuzia utafiti wake wa kinga ya malaria. Mwaka 2014 alitunukiwa na Royal Society ya Uingereza, na mwaka 2019 akawa rais wa muungano wa kimataifa wa vyama vya wanasayansi wa kinga, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Kilifi ni mji wa korosho na samaki, na umetoa mwanasayansi wa kiwango hicho. Nguvu ya kituo kile, mbali na maabara, ni kwamba kina utaratibu rasmi wa kuwalea watafiti chipukizi. Mtu haachiwi bahati yake.

Na tukirudi katika dini, Rufaida wa kabila la Aslam aliwatibu majeruhi katika hema lake Madina zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, na Sa'd bin Muadh alipojeruhiwa vita vya Handaki alipelekwa kwake. Al-Shifa binti Abdullah ndiye aliyemfundisha Bibi Hafsa kuandika. Mwanamke mjuzi akimkalisha mwanamke mwenzake na kumpa alichonacho, hilo halikuletwa na mzungu.

Mlango uwe wazi, usifungwe

Hapa pana jambo gumu, nami sitalikwepa. Wakubwa wengi wenye pete mkononi ni wanaume. Basi binti wa Kiislamu atalelewaje na profesa mwanamume?

Wapo wanaume wema ambao kwa kuogopa maneno huwakwepa kabisa wanafunzi wa kike. Kijana wa kiume hualikwa kahawa, hupanda gari moja na profesa kwenda kongamano, huongea naye habari za utafiti barazani baada ya swala. Binti husalimiwa kwa heshima na kuachwa. Yule mwanamume anadhani amehifadhi heshima. Kumbe amemnyima haki yake bila kujua, maana mambo makubwa huamuliwa kwenye kahawa ile.

Wapo na wale waovu, ambao hutumia cheo kudai wasichostahili. Hao sheria inawajua. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamshika mwenye mamlaka anayemsumbua aliye chini yake, na Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji huo. Binti ana haki ya kuiomba aisome siku ya kwanza.

Njia iko katikati ya hao wawili. Mikutano iwe ofisini, mchana, mlango wazi. Wanafunzi wawili au watatu walelewe pamoja. Mlezi mwanamume awe na mwenzake mwanamke, mmoja awe mwalimu wa kazi, mwingine awe somo. Na mpiga debe hahitaji hata kukaa na wewe faragha. Anahitaji kuijua kazi yako na kulikumbuka jina lako.

Na sisi nyumbani

Nikiwalaumu wakubwa wa vyuo nikatuacha sisi, nitakuwa nimedhulumu. Binti akiwa mdogo twamwita "daktari wetu" mbele ya wageni. Akiolewa, twamuuliza mbona arudi usiku. Akienda kusoma Nairobi na mtoto wa mwaka mmoja, twamwita mama asiye na huruma. Akiacha kusoma akabaki, miaka kumi baadaye twalalamika hospitalini hakuna bingwa wa kike.

Mume ndiye mpiga debe wa kwanza, na mama mkwe ndiye wa pili. Nimemwona bibi mmoja mtaani kwetu akilea wajukuu wawili miaka minne, mkaza mwanawe akisomea ubingwa wa watoto. Watu walimsema. Leo wanaomsema ndio wanaomwomba namba ya simu ya mkaza mwana wake usiku wa manane mtoto akipata homa.

Yanayowezekana kuanzia sasa

Kwa daktari kijana: usingoje mlezi akutafute. Mwandikie, na uombe jambo dogo lenye mwisho, kama vile akusomee ukurasa mmoja. Ombi la "nakuomba uwe mlezi wangu" huwatisha watu. Kabla ya kuanza utafiti na yeyote, kubalianeni kwa maandishi jina la nani litakaa wapi. Weka daftari la kila somo ulilofundisha na kila mwanafunzi uliyemsimamia, kwani siku ya mahojiano kumbukumbu za kichwa hazitoshi. Ukipewa kazi ya kamati, uliza itahesabiwaje.

Kujua njia zote ni sehemu ya malezi pia. Mfano, upasuaji waweza kuusomea kupitia COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha. Mafunzo yake hufanyika katika hospitali zilizoidhinishwa, huku daktari akifanya kazi. Wanachama wake wanawake wana kundi lao la kusaidiana. Binti mwenye familia anapaswa kulijua hili kabla hajaamua kwamba upasuaji si wake.

Kwa wakubwa, wanawake kwa wanaume: kila mmoja achague wawili, na wakati majina yanapotajwa, ajiulize kama amewataja wote wanaostahili au wale anaokunywa nao kahawa tu.

Kwa vyuo na hospitali: malezi yaandikwe kwenye ratiba na yahesabiwe kwenye cheo, kama makala yanavyohesabiwa. Chumba cha kunyonyesha kiwepo. Sheria ya Afya ya 2017 imeshakiagiza mahali pa kazi, kwa hiyo si hisani. Mikutano muhimu isipangwe saa za magharibi. Na Katiba yetu, kifungu cha 27, imeshasema vyombo vya kuteuliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili ya jinsia moja. Kamati za kupandisha vyeo zijiangalie hapo.

Kwa serikali za kaunti za Pwani: zinapotoa ruhusa na ufadhili wa kusomea ubingwa, zitangaze orodha hadharani, ili tujue ni mabinti wangapi wamo na wangapi waliomba. Na kwa kamati zetu za misikiti, ambazo Alhamdulillahi hujenga visima na madrasa, fedha ya kumsomesha bingwa mmoja wa kike wa uzazi ni sadaka inayoendelea. Hesabuni akina mama atakaowahudumia.

Namalizia na binti wa kaka yangu. Baada ya lile jambo la makala aliniambia, "Shangazi, mimi nimechoka. Nitatibu watu tu, mambo ya kufundisha basi." Fomu ya kuomba nafasi ya ubingwa ilikaa juu ya friji langu wiki tatu. Kisha daktari mmoja mwanamke, mkubwa, ambaye walikutana mara moja tu kwenye mafunzo, akampigia simu. Alikuwa amesikia habari zake. Hakumpa nasaha nyingi. Alimwambia, "Jumatano nina wanafunzi wodini, nitakuwa safarini. Nimewaambia wakuu kwamba utawafundisha wewe."

Jumatano ile nilibaki na mtoto. Alirudi saa kumi, miguu imevimba, akala wali uliopoa bila kuupasha moto, huku akinieleza maswali ya wanafunzi mmoja baada ya mwingine. Alipomaliza kula alikwenda kwenye friji akaichukua ile fomu.